Mtihani wa Restituta Ndani ya Ua

Sehemu ya Tisa

Kidole kilikuwa tayari ndani ya wino!

Hapo ndipo tulipomwacha Restituta juma lililopita, msomaji: mkono mmoja mezani kwa karani, mwingine hewani, macho yamemtoka kama ya mtu aliyekalia siafu.

"Mzee, huo wino ni wa nini?"

"Wa kuhesabiwa," alijibu karani Theonest bila kuinua uso. "Pita ndani ya ua. Anayefuata!"

"Kuhesabiwa? Mimi nimekuja kukaguliwa kucha!"

Kwa aliyechelewa kuanza nasi, nitasema haraka, maana mambo yanakwenda mbio. Restituta, binti wa miaka kumi na sita kutoka Bugarama, alikuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete ya Shule ya Kalamu na Mpira, jirani na Rulenge. Ni shule ya bweni ya wanamichezo: asubuhi madarasa, jioni mazoezi. Ijumaa hiyo ya mwaka 1995 timu ilikuja kambini kucheza na wasichana wa wakimbizi kutoka Burundi. Hakuna aliyewaambia kwamba ilikuwa siku ya kuhesabu kambi nzima.

Na katika mpira wa pete, kabla ya mechi mwamuzi hukagua kucha, zisije zikamchana mtu. Restituta aliposhuka kwenye lori aliona mstari mrefu wa watu, meza, na mwanamume mwenye filimbi shingoni akisema, "Nyosha vidole!" Mchezaji gani angeuliza zaidi? Alikimbilia mstarini, akawaacha wenzake wakiteremsha mizigo. Zamu yake ilipofika alinyosha vidole vyote kumi, tena kwa majivuno, maana kucha alizikata alfajiri kwa wembe mpya.

Sasa kidole kimoja kilikuwa cha zambarau mpaka kwenye kifundo cha pili.

"Nitatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni, kambi nzima ikishaisha. Nikikutoa sasa utarudi kuhesabiwa mara ya pili."

Saa kumi na mbili! Saa nane mchana kulikuwa na mtihani wa hisabati shuleni.

Na sharti la shule, ambalo mkuu wa shule Mwalimu Pancras aliliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa bweni, lilikuwa kali. Ukikosa mtihani, au ukipata chini ya hamsini, unaonywa mara moja. Mara ya pili unarudishwa kwenu na sanduku lako, hata kama unafunga magoli kwa macho yaliyofumbwa. Restituta alikwisha kuonywa Februari, alipougua malaria siku ya mtihani.

Huko Bugarama baba yake, Mzee Projestus, hakuficha maoni yake. "Wakikurudisha usilie," alimwambia likizo iliyopita. "Jembe lako nimelitia mpini mpya."

"Mzee," Restituta alimsihi karani, "mimi si mkimbizi. Ni Mtanzania, wa Bugarama."

Theonest akainua uso kwa mara ya kwanza. Akamtazama. Kisha akamsalimu ghafla kwa Kirundi: "Mwaramutse!"

Msomaji, Restituta alilelewa na mama mwenye fimbo. Mtu mzima akikusalimu, unajibu. Akapiga goti, akaitikia, akauliza habari za nyumbani, za watoto na za ng'ombe, yote kwa lugha ya kwao bila kukwama hata mara moja.

"Unaona?" Theonest alisema. "Kirundi safi kabisa."

"Hicho ni Kihangaza, lugha yetu ya Ngara!"

"Tofauti yake nini?"

Restituta aliitafuta, hakuipata. Kwa kweli bibi yake na Warundi wa ng'ambo ya mto waliweza kugombana kutwa nzima bila mkalimani.

"Haya," Theonest akasema kwa upole. "Mjumbe wenu wa nyumba kumi ni nani?"

"Mzee Leonidas!" Restituta alijibu kwa sauti, akijua ameponyoka.

"Kambi nzima inamjua Leonidas wa Bugarama. Ndiye anayetuletea ndizi kila wiki." Akapuliza filimbi. "Anayefuata!"

Aliyefuata hakuwa kwenye mstari. Alikuwa Bi Sauda.

Bi Sauda ndiye mlezi na mpishi wa shule, mwanamke wa mjini Biharamulo, mwili umejaa, sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya soko. Aliusukuma mstari mzima kwa mabega, kanga ikimfuata nyuma kama bendera.

"We mwanangu! Mtoto wangu huyo unampeleka wapi?"

"Ni wako?"

"Wangu! Mwaka wa pili huu nampikia, namsuka, nampa dawa akiugua. Wa nani tena kama si wangu?"

Theonest akaandika. "Mama mmoja, binti mmoja. Nyosha kidole, mama."

"Kidole cha nini? Unanijua mimi? Babu yangu alitoka Bagamoyo na msafara mpaka Biharamulo!"

"Kwa gari?"

"Gari lilikuwapo wakati ule? Kwa miguu!"

"Siku ngapi?"

"Siku! Miezi mitatu, mzigo kichwani!"

Theonest akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Pole sana, mama. Humu ndani wengi wametoka mbali." Na kabla Bi Sauda hajapata neno lingine, kidole chake chenye hina kilizama winoni.

Bi Sauda alikisugua kidole kwenye kanga. Wino haukutoka.

"Swaumu!" alinguruma kuelekea kwenye lori. Swaumu alikuwa kapteni wa timu. "Rudini shule! Mwambie Mwalimu Pancras wametutia wino! Na mtu asisogelee meza hiyo!"

Wasichana wote sita walificha mikono kwapani papo hapo, wakapanda lori hivyo hivyo, wakisukumana kwa mabega. Lori lilikuwa la kukodi. Likiwafikisha shuleni lilikuwa liendelee na safari zake za Ngara mjini.

Lango la ua likafungwa nyuma yao.

Ndani, watu waliketi kwa mistari juu ya nyasi, maelfu, kila mmoja na kidole chake cha zambarau, wakingoja kwa subira ya watu waliokwisha kungoja mambo makubwa kuliko hayo. Mwanamume mrefu mwenye koti lililopauka aliwafuata akicheka.

"Wewe ndiye mfungaji wa Kalamu na Mpira?" alimwuliza Restituta. "Mimi ni Ndikuriyo, kocha wa timu ya kambi. Wiki mbili tumefanya mazoezi ya kukuzuia wewe tu, na karani amekuzuia kwa dakika moja!"

Restituta badala ya kucheka akaanza kulia.

"Haya, haya. Nini tena?"

Akamweleza: saa nane, hisabati, sanduku, jembe lenye mpini mpya.

Ndikuriyo akakaa chini. "Mimi kwetu nilikuwa mwalimu wa hisabati," alisema. "Hii ni mara yangu ya nne kuhesabiwa. Ya kwanza nililia kama wewe. Ya pili nilikasirika. Ya tatu nilikuja na daftari." Akalitoa ndani ya koti. "Saa hizi ni saa tano. Una saa tatu za kusoma, na hakuna anayeweza kukutuma kuni. Umewahi kupata bahati kama hiyo?"

Wakaanza. Visehemu, asilimia, vipeo. Wasichana saba wa timu ya kambi wakasogea nao wakasoma. Bi Sauda, ambaye hakuweza kukaa bila kuongoza kitu, alikuwa amekwisha kuwapanga akina mama wenye watoto wachanga upande wa kivuli na kumgombeza mzee mmoja aliyevuta tumbaku karibu nao. Kufikia saa saba watu walikuwa wakimwomba ruhusa ya kusimama.

Saa nane kasoro dakika kumi na mbili, Mwalimu Pancras akatokea nje ya ua juu ya baiskeli!

Alikuwa na tai. Miguu ya suruali ilibanwa kwa vibanio vya nguo. Kwapani alikuwa na daftari la shule, na mfukoni kalamu nyekundu.

"Ametuokoa!" alisema Bi Sauda.

Restituta alipoiona ile kalamu alijua kwamba hakuja kuokoa mtu. Amekuja kukata jina.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Restituta Projestus, saa nane kamili nitaita jina lako. Kama hujakaa kwenye dawati mbele yangu, nakata."

"Mwalimu, nifanye mtihani hapa hapa!"

"Sharti linasema dawati."

"Sharti linasema dawati la wapi?"

Mwalimu Pancras alipenda masharti kuliko chakula cha mchana. Akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Akageuza. Akarudi nyuma.

"Halisemi," alikiri kwa uchungu.

Ndikuriyo alikuwa amekwisha kusimama. Wasichana wake wakaviringisha makopo mawili makubwa ya mafuta ya msaada, wakalaza ubao juu yake, na kopo la tatu likawa kiti.

"Dawati," alisema Ndikuriyo.

"Mbele ya msimamizi!" Pancras akadai.

"Uko mbele yake, mwalimu. Ni fito tu ziko katikati."

Pancras akapima kwa macho. Kati ya ufito na ufito mlikuwa na nafasi ya kiganja. Akachomoa karatasi za mtihani ndani ya daftari, akapitisha mkono.

Filimbi ikalia! Theonest akaja mbio, kofia mkononi.

"Hakuna kitu kupita kwenye ua! Safari iliyopita walipitisha watoto wachanga hapo hapo, mtoto mmoja nikamhesabu mara tatu!"

"Hii ni karatasi, bwana. Utaihesabu kama mtu?"

"Kanuni yangu haisemi watoto. Inasema kitu chochote."

"Nionyeshe hiyo kanuni."

"Na wewe nionyeshe hilo sharti."

Wakaonyeshana, mmoja ndani, mmoja nje. Wakasomeana kimya, kama wafugaji wawili wanaokagua madume ya ng'ombe. Dakika zikawa zinakwenda.

"Mwandiko mzuri," alisema Theonest.

"Na wewe aya umezipanga vizuri," alisema Pancras.

"Tatu zimebaki!" Bi Sauda alifoka. "Mtaoana kesho, mtoto afanye mtihani leo!"

Theonest akashtuka, akapekua. "Kanuni ya tisa," alisoma. "Nyaraka za kazi zitaingizwa na karani mwenyewe." Akatoka langoni, akazunguka, akapokea karatasi mikononi mwa Pancras, akarudi langoni, akaingia. "Karatasi mbili zimeingia," alitangaza. "Mbili zitatoka."

Saa nane kamili Pancras aliita, "Restituta Projestus!"

"Nipo, mwalimu!" Na makalio yake yaligusa kopo neno la mwisho likiwa bado mdomoni.

Msomaji, sijui kama mtihani mwingine wowote umefanywa namna ile. Jicho moja la Mwalimu Pancras lilikuwa katikati ya fito, halipepesi. Ndikuriyo aliamriwa ageuke asije akanong'ona, akasimama kama kigingi akitazama kilima. Bi Sauda alipanda juu ya jiwe.

"Kimya!" aliwaambia watu wote. "Mtoto anafanya mtihani!"

Mmoja akamtafsiria jirani yake, jirani akapeleka mbele, na ukimya ukatembea uwanjani mstari kwa mstari mpaka ukafika mwisho. Mtoto mmoja alilia. Akapewa ziwa.

Restituta alifanya la kwanza. La pili. La tatu lilimkwama, akaliruka. La nne, la tano, mpaka la tisa, jasho likidondoka kwenye ubao. Mengine alijua. Mengine alibahatisha.

Kisha akafika la kumi.

Akalisoma. Akalifanya, likakataa. Akalifanya kwa njia aliyomfundisha Ndikuriyo, likakataa zaidi. Akauma kalamu. Mwishoni, zikiwa zimebaki dakika mbili, aliandika mstari mmoja wa maneno, akaweka kalamu chini.

Filimbi! Saa tisa. Karatasi mbili zikatoka.

Pancras alisahihisha pale pale, kiti cha baiskeli kikiwa meza. Kalamu nyekundu ilikwaruza. Akajumlisha kutoka juu, akajumlisha kutoka chini.

"Arobaini na tano," alisema.

Bi Sauda alishuka kwenye jiwe polepole.

Restituta hakulia tena. Alitazama mikono yake, akawaza mpini mpya.

"Angepita," Pancras aliendelea, na sauti yake haikuwa ya furaha, "kama asingeandika upuuzi kwenye swali la kumi. Alama kumi zimepotea!"

"Ameandika nini?" aliuliza Bi Sauda.

"Swali linasema: viatu viwili na mipira mitatu vina uzito wa kilo tatu. Viatu vinne na mipira sita, vya aina ile ile, vina uzito wa kilo saba. Tafuta uzito wa kiatu kimoja. Na huyu ameandika..." Akainua karatasi. "'Swali hili haliwezekani, ila kama hivyo viatu vya pili vilikuwa na matope.'"

Maneno yakatafsiriwa mstari kwa mstari, na kicheko kikayafuata nyuma yake mpaka mwisho wa uwanja.

"Mtihani huu nimeutunga mwenyewe!" Pancras alipaza sauti. "Miaka tisa sijabadili hata nukta!"

"Mwalimu," Ndikuriyo alisema, bado akitazama kilima, "naruhusiwa kugeuka?"

"Geuka."

"Rudia hizo kilo."

Pancras akarudia. Ndikuriyo akafumba macho kidogo. "Samahani, mwenzangu. Mtoto amesema kweli."

"Haiwezekani!"

"Mwalimu," Bi Sauda akaingilia, "mimi sikufika hiyo hisabati yenu, lakini nimepima unga miaka thelathini. Fungu moja ni kilo tatu. Fungu jingine sawa na lile, tatu. Jumla sita. Hiyo ya saba umeitoa jikoni kwangu?"

Pancras akachomoa kalamu. Akafanya hesabu nyuma ya daftari. Akaifanya tena. Mara ya tatu alilegeza tai. Theonest naye alikuwa amekuja kuchungulia, akifanya yake pembezoni mwa orodha ya majina, akitikisa kichwa.

Jicho la Mwalimu Pancras likaonekana tena kati ya fito. Lilikuwa jicho jingine kabisa.

"Miaka tisa," alisema.

Akafuta arobaini na tano. Akaandika hamsini na tano.

"Restituta Projestus. Ulikaa kwenye dawati. Umepata hamsini na tano. Unabaki."

Vigelegele! Wasichana saba waliofanya mazoezi wiki mbili ya kumzuia walimwinua juu kwa juu, na Ndikuriyo akapiga makofi, na Bi Sauda akamkumbatia karani Theonest kwa makosa, akamwachia haraka, akamkumbatia aliyestahili.

Lakini Pancras hakucheka. Alikuwa anapekua daftari, kurasa zikirudi nyuma, haraka, haraka zaidi.

"Mwezi uliopita," alisema, "kidato cha tatu walifanya mtihani huu huu." Kidole chake kikashuka, kikasimama. "Scolastica. Arobaini na mbili, na alikwisha kuonywa."

Restituta akawekwa chini. Scolastica alikuwa rafiki yake wa kitanda cha juu, mlinzi bora kuliko wote, aliyeondoka na sanduku lake bila kuaga.

"Ukiongeza kumi," Restituta alinong'ona, "ni hamsini na mbili."

"Nilimfukuza bure." Pancras akafunga daftari. "Nitamrudisha. Jumatatu namwandikia baba yake barua."

Bi Sauda akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Barua! Mwalimu, juzi nilionana na shangazi yake. Baba yake alisema, kama shule imemkataa, hana la kungoja. Scolastica anaolewa huko kwao Bisibo, na mwenyewe kutwa analia."

"Anaolewa lini?"

"Kesho! Saa nne asubuhi!"

Pancras alitazama barabara. Lori lilikuwa limekwenda Ngara. Wote waliopajua nyumbani kwa Scolastica walikuwa ndani ya ua mpaka saa kumi na mbili. Na Bisibo ilikuwa wilaya nyingine kabisa, ya Biharamulo, nyuma ya vilima vyote vile.

Akatia daftari kwapani. Akabana upya miguu ya suruali. Akageuza baiskeli kuelekea Biharamulo, akakanyaga kwa nguvu zake zote, na mnyororo ukakatika.